Ufundi au taaluma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua mkondo wa sekondari ya juu

Nimekuwa mwalimu wa ushauri na unasihi kwa muda wa kutosha kujua kwamba fomu ya kuchagua mkondo haijazwi na mwanafunzi peke yake. Inajazwa na mama, na mjomba aliyewahi kufanya kazi ofisini, na rafiki wa dawati moja, na mtihani mmoja wa hesabu ulioenda vibaya. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila msimu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni mafupi na yanatosha.

Kwa ufupi, mikondo hii inatofautianaje?

Mkondo wa kitaaluma, ambao kwingine huitwa mkondo wa jumla, unakuandaa kusoma zaidi. Fizikia, historia, lugha, uchumi: masomo haya yenyewe hayakupi kazi, yanakupa ruhusa ya kuingia mahali pengine utakapofundishwa kazi. Mkondo wa ufundi, au wa amali, unakuandaa kwa fani inayojulikana, kama umeme wa majumbani, uchomeleaji, useremala, upishi, ushonaji au matengenezo ya kompyuta. Sehemu kubwa ya wiki unakuwa karakana, jikoni, shambani au kwa mwajiri.

Neno "ufundi" huwapotosha wengi. Wakilisikia wanaona spana na mikono yenye grisi. Kutunza vitabu vya hesabu na kuchora ramani za majengo navyo vimo humo.

Mpaka wenyewe hauko mahali pamoja duniani. Ujerumani, katika majimbo mengi, watoto huanza kutenganishwa wakiwa na miaka 10 hivi. Tanzania imeuweka mkondo wa amali mapema, kwenye sekondari ya chini, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023. Kenya, ambayo wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026, haikugawa ufundi huku na taaluma kule: ina njia tatu, na masomo ya ufundi yamewekwa ndani ya ile ya sayansi na teknolojia. Kwa hiyo mtu akikupa ushauri, jua kwanza anazungumzia mfumo upi. Ushauri wa binamu aliyesoma nchi nyingine unaweza kuwa wa kweli kabisa, na usikufae hata kidogo.

Nikienda ufundi, ndiyo nimekiaga chuo kikuu?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote. Jibu lake limo kwenye cheti utakachotoka nacho. Jina la mkondo halikwambii kitu.

UNESCO ina utaratibu wa kuainisha elimu za nchi zote, toleo lake la sasa lilipitishwa mwaka 2011. Humo sekondari ya juu ni ngazi ya 3, na kila programu hupewa tarakimu tatu. Tarakimu ya pili ikiwa 4, ni elimu ya jumla. Ikiwa 5, ni ufundi. Ya tatu ndiyo ya kuitazama: 4 maana yake mhitimu anaweza kuingia elimu ya juu moja kwa moja, 3 maana yake amemaliza ngazi hii lakini mlango huo haujafunguka. Kwa hiyo kuna programu ya 354 na kuna ya 353. Zote mbili ni za ufundi na zote zimekamilika. Wanafunzi wake wanaweza kuwa wamesimama mbele ya mashine za aina moja. Mmoja akitoka anaomba shahada, mwingine akiomba anaambiwa arudi kutafuta sifa.

Nchi zimelitatua jambo hili kila moja kivyake. Ufini, mikondo yote miwili inampa mhitimu sifa ya kuomba elimu ya juu. Uswisi, ambako karibu theluthi mbili ya vijana huingia mafunzo ya kazi baada ya shule ya lazima, ilianzisha mwaka 1994 cheti kinachoitwa Berufsmaturität: mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa mwajiri, anaongeza masomo ya kitaaluma juu ya fani yake, kisha anaingia vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Akitaka vyuo vikuu vile vingine, kuna mtihani mmoja zaidi wa kumvusha. Ujerumani ilikubaliana mwaka 2009 kwamba fundi mwenye cheti cha Meister, yaani fundi bingwa, aruhusiwe kuingia chuo kikuu bila ule mtihani maarufu wa mwisho wa sekondari. Ufaransa ina bakalorea (cheti cha kumaliza sekondari) ya ufundi tangu 1985. Kisheria inafungua chuo kikuu, lakini wanaoingia nayo kwenye shahada za kawaida hukwama kwa wingi kuliko wenzao wa bakalorea ya jumla. Nakueleza hilo la Ufaransa makusudi, maana kuruhusiwa kuingia ni jambo moja, na kuandaliwa ukae ndani ni jambo lingine.

Ukifika shuleni, uliza mambo matatu. Cheti hiki kinaitwaje rasmi? Nani anakitambua nje ya shule hii? Na mwanafunzi wa mwisho aliyeingia shahada kwa cheti hiki alikwenda kusomea nini? Mawili ya kwanza yana majibu ya kwenye karatasi. La tatu ndilo linalofichua. Mtu akianza kukusimulia "fursa nyingi" na hawezi kukutajia hata mhitimu mmoja, umeshajibiwa.

Lakini ufundi si ndiyo njia ya waliofeli?

Shule moja niliyofundisha zamani ilikuwa na desturi ya kusoma majina gwaridani. Mwalimu wa taaluma anasoma orodha ya waliochaguliwa kuendelea na masomo ya kitaaluma, watu wanapiga makofi, kisha anakunja karatasi na kusema, "Waliobaki watakwenda ufundi." Waliobaki! Kulikuwa na kijana pale aliyekuwa akitengeneza redio za walimu tangu kidato cha kwanza, na ufundi ndio aliokuwa ameuomba. Akasimama kwenye kundi la waliobaki kama aliyeadhibiwa. Sikusema kitu siku ile, na nimejilaumu mara nyingi.

Kwa hiyo ndiyo, dhana ipo, na shule zenyewe ndizo zinazoilea. Si tatizo la nchi maskini tu. Singapore ilipoanzisha taasisi yake ya ufundi mwaka 1992 na kuiita ITE, vijana walizigeuza herufi hizo tatu kuwa mzaha wa Kiingereza, "It's The End", yaani "huo ndio mwisho". Serikali ilijibu kwa kujenga kampasi tatu kubwa za kisasa na kuweka njia ya wahitimu kupanda ngazi. Mzaha hauondolewi na hotuba, unapungua watu wanapoona waliotoka mle wako wapi.

Lakini usidanganyike upande wa pili pia. Pale ambapo mfumo unawatupa ufundi wote wenye alama za chini, darasa la ufundi linakuwa na mwalimu anayehangaika na watu ambao hawakutaka kuwa pale. Hilo litakugusa hata wewe uliyekuja kwa mapenzi. Ni haki yako kuuliza ni wangapi kati ya wanafunzi wa fani hiyo waliiomba kama chaguo la kwanza.

Wazazi wangu wanasema taaluma ndiyo yenye pesa. Ni kweli?

Kwanza, usiwaone wajinga. Mwaka 1965 mtafiti Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, alieleza kwa nini juhudi za kuwasukuma vijana kwenye shule za ufundi na kilimo zilikuwa zikishindikana. Wakubwa walidai vijana wamelewa ndoto za ofisini. Foster akasema hapana, vijana na wazazi wao wanausoma uchumi sawasawa. Kazi zenye mshahara mzuri na heshima zilikuwa zinapatikana kupitia shule ya kitaaluma, kwa hiyo shule hiyo ndiyo iliyokuwa, kwa vitendo, shule ya kazi. Kubadili mtaala bila kubadili nani analipwa nini ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Ndiyo maana sitoi jibu la jumla. Angalia waliohitimu miaka mitatu hadi mitano iliyopita, wa mkondo huu na ule, katika mahali unapotarajia kuishi. Matajiri wawili wanaotajwa na kila mtu waache pembeni, tafuta wale wa katikati.

Utafiti unasema nini kuhusu kipato na ajira?

Unasema mambo mawili ambayo watu hupenda kuchukua moja na kuliacha jingine.

La kwanza: ufundi hukuingiza kazini mapema, lakini faida hiyo inaweza kuyeyuka baadaye. Mwaka 2017 Eric Hanushek na wenzake walilinganisha watu wa rika tofauti katika nchi kadhaa. Walikuta kwamba waliosoma ufundi walianza kazi kwa urahisi zaidi ujanani, ila umri ulivyosogea pengo lilifungwa na hata kugeuka, hasa katika nchi zenye uanagenzi mzito. Maelezo yao ni kwamba ujuzi wa fani moja huzeeka teknolojia inapobadilika, na mwenye msingi mpana hujifunza upya kwa wepesi.

La pili linatoka Ufini. Wanafunzi kule huomba nafasi kupitia mfumo mmoja wa taifa, kwa hiyo kuna vijana waliokosa mkondo wa jumla kwa alama kidogo sana na wengine walioupata kwa alama kidogo sana. Ni karibu watu wale wale, wametenganishwa na bahati. Mikko Silliman na Hanna Virtanen, katika utafiti uliochapishwa 2022, waliwafuatilia vijana hao. Walioangukia ufundi walipata kipato kikubwa zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo walipofika katikati ya miaka ya thelathini. Tena hawakuwa kwenye kazi zilizo katika hatari zaidi ya kuchukuliwa na mashine. Na hapa ndipo ninapopigia mstari: faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wameonyesha wanautaka ufundi tangu mwanzo.

Je, tafiti hizi zinapingana? Kidogo. Ya kwanza inalinganisha watu wa kila aina, ya pili inawalinganisha waliokuwa mpakani. Kama wewe ni mwanafunzi wa alama za kati unayevutwa na fani fulani, ya Ufini inakuhusu zaidi. Kama unachagua fani finyu sana, ya kuendesha aina moja ya mashine, ya Hanushek ikukae kichwani.

Na nikichagua taaluma kisha nisiingie chuo kikuu?

Swali hili haliulizwi na wengi, nami naona lingetangulia mengine yote. Watu hupima hatari ya ufundi na kuiacha ya taaluma, kana kwamba taaluma haina hatari. Cheti cha mkondo wa jumla ni tiketi ya kupanda basi lingine. Basi hilo likijaa, au nauli ikikosekana, umebaki kituoni na tiketi mkononi. Mhitimu wa ufundi aliyekosa kuendelea bado anajua kufunga nyaya za nyumba.

Kwa hiyo ukichagua taaluma, andika chini mpango wa pili, na uwe na jina: chuo gani cha kati, stashahada gani, sifa zake zipi. "Nitaona" si mpango.

Sipendi hesabu. Ufundi utanifaa?

Hapana, kama hiyo ndiyo sababu pekee.

Nenda mahali nyumba inapoanzwa, umwangalie fundi akipanga kona ya msingi. Ana kamba mbili zimekutana kwenye kigingi. Anapima mita 3 juu ya kamba hii anatia alama, mita 4 juu ya ile anatia alama, kisha anaunganisha alama hizo mbili kwa futi ya chuma. Ikisoma mita 5 kamili, kona ni mraba. Ikisoma 5 na sentimita 4, kona imefunguka, anasogeza kigingi cha mwisho kidogo anapima tena. Hakuna aliyetamka jina la Pythagoras, lakini ndiye aliyesimama pale. Akikosea sentimita hizo, kosa litapanda na ukuta hadi kwenye paa, na fundi wa vigae atakuja kumtukana asiyemjua.

Umeme ni hesabu. Upishi wa watu mia tatu ni uwiano. Ushonaji ni jometri ya kitambaa kinachovutika. Tofauti ni kwamba huku hesabu ina mwili, na kuna wanafunzi wengi niliowaona wakielewa kwa mikono kile kilichowashinda ubaoni kwa miaka. Kama wewe ni wa namna hiyo, ufundi utakufaa sana. Kama unakimbia tu, hesabu itakukuta karakana.

Nitajuaje kama shule ina ufundi wa kweli, si wa kwenye kipeperushi?

Nenda mwenyewe, siku ya kawaida ya masomo. Siku ya maonyesho kila kitu kimepakwa rangi.

Anza na sakafu. Karakana ya useremala inayotumika ina maranda, ina vumbi kwenye kingo za madirisha, ina vipande vya mabaki vimerundikwa kona. Karakana ya uchomeleaji ina vishina vya vijiti vilivyochomwa hadi mwisho. Sakafu ikiwa safi kama ya kanisa, jiulize kazi hufanyika lini. Kisha tazama mashine. Niliwahi kuonyeshwa kwa fahari mashine ya kukerezea iliyofunikwa turubai. Nikaomba ifunuliwe. Ilikuwa nzuri, inang'aa, na ile karatasi ya plastiki ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa kwenye swichi. Mwalimu akacheka, nami nikacheka, ila mzazi niliyekuwa nimeongozana naye hakucheka.

Hesabu jiliwa (vile vibano vya kushikilia kazi) zilizo mezani na wanafunzi wa darasa moja. Wanafunzi 40 kwa jiliwa 6 maana yake wengi wanajifunza kwa kutazama. Uliza mbao, nyaya na unga hutoka wapi: ukiambiwa wanafunzi huja navyo, jua asiyekuwa navyo hukaa pembeni. Uliza mashine ikiharibika nani huitengeneza na ilichukua muda gani mara ya mwisho.

Muhimu kuliko yote, omba kuona kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mwenyewe akuelezee. Kijana mmoja alinionyesha kiungo cha ulimi na tundu kwenye mguu wa kiti. Kilikuwa na mwanya, kucha ingeingia. Kabla sijasema neno akaweka kidole pale pale, akasema, "Hapa niliharakisha na patasi, mwalimu alinirudisha nikate kingine, hiki nimekibakiza cha kukumbuka." Nikamwambia mama yake tuondoke tukajaze fomu. Shule inayomfundisha mtu kuliona kosa lake na kulitaja ina mwalimu anayejua kazi.

Na mafunzo kwa mwajiri? Uliza masaa, usiulize kama "yapo". England ilipoanza kutoa T Levels, kozi zake za ufundi za sekondari ya juu, Septemba 2020, iliandika kabisa kwamba mwanafunzi awe mahali pa kazi kwa saa zisizopungua 315. Ujerumani, chini ya sheria yake ya mafunzo ya kazi ya 1969, mwanagenzi ana mkataba na kampuni, analipwa, na wiki yake imegawanywa kati ya kampuni na shule, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Shule isiyoweza kukutajia idadi inategemea huruma ya waajiri, na huruma hubadilika.

Nachagua fani ipi basi?

Pana kwanza, finyu baadaye. "Umeme" kabla ya "ufungaji wa kamera". "Usindikaji wa vyakula" kabla ya "utengenezaji wa keki". Kamera za leo zitapitwa, mtu anayejua mkondo wa umeme unavyokwenda hatapitwa.

Halafu fikiria mwili wako kwa miaka 30 ijayo. Hakuna anayewaambia vijana kuhusu magoti ya fundi vigae na mgongo wa mwashi. Mafundi wenye busara huwa na ngazi ya kupanda, wakawa wasimamizi, wakaguzi au wakufunzi, kabla mwili haujawalazimisha. Uliza kama fani yako ina ngazi hiyo.

Napenda vyote viwili. Lazima nikate upande mmoja?

Si lazima, kama uko mahali penye njia ya kati. Japani ina vyuo vinavyoitwa kosen tangu 1962: unaingia ukiwa na miaka 15, unasoma uhandisi miaka mitano mfululizo, nadharia na karakana pamoja, na ukitaka unahamia chuo kikuu baadaye.

Marekani kuna mpango unaochanganya masomo ya kawaida na fani moja ndani ya shule ya sekondari. Nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji, zikagawiwa kwa bahati nasibu, na hilo likawapa watafiti njia ya haki ya kulinganisha. Miaka minane baada ya sekondari, waliopata nafasi walikuwa wameingiza wastani wa asilimia 11 zaidi kwa mwaka kuliko waliokosa, na hawakuwa nyuma katika kumaliza masomo ya juu. Faida ya kipato ilikuwa hasa kwa vijana wa kiume. Kwa nini si kwa wasichana pia? Hiyo ni mada ya siku nyingine, lakini usiisahau unaposoma takwimu za wastani.

Onyo dogo. Kuchanganya kuna gharama yake. Uswidi mwaka 1991 iliongeza mwaka mmoja na masomo zaidi ya kitaaluma kwenye ufundi wake, ikitumaini wengi wataendelea chuo kikuu. Caroline Hall alipochunguza majaribio yaliyotangulia mageuzi hayo, hakuona ongezeko la kwenda chuo kikuu, ila aliona wanafunzi wenye alama za chini wakiacha shule zaidi. Njia ya kati inamfaa anayependa vyote viwili kweli. Asiyetaka kuamua itamchosha.

Nina alama za juu. Nikienda ufundi sitakuwa nimezitupa?

Sergio Ermotti, ambaye ameiongoza UBS, benki kubwa ya Uswisi, aliacha shule akiwa na miaka 15 na kuanza uanagenzi kwenye benki ndogo ya Lugano. Najua mfano wa mtu mmoja hauthibitishi kitu, na Uswisi si kila mahali. Nautoa kwa sababu wazazi wengi hawajui kama jambo hilo huwezekana popote.

Alama za juu zinakupa uhuru wa kuchagua. Hazikulazimishi uchague walichochagua wengine wenye alama kama zako.

Mimi ni msichana, nataka uchomeleaji. Nitaweza?

Kazi utaiweza. Kinachohitaji kuulizwa ni mazingira: je, kuna wasichana wengine kwenye fani hiyo, vyoo na mahali pa kubadilisha nguo viko wapi, ovaroli na glavu za saizi yako zipo, na nani anafuatilia usalama wako unapokuwa kwa mwajiri. Zungumza na msichana aliye mwaka wa pili, mkiwa wawili tu. Shule ikikwambia "hatujawahi kuwa na tatizo" lakini haijawahi kuwa na msichana, hilo si jibu.

Roboti na akili mnemba hazitamaliza kazi za ufundi?

Roboti wa kwanza wa kiwandani alianza kazi General Motors mwaka 1961, na baadaye uchomeleaji wa kurudiarudia kwenye mstari wa magari ukawa wao. Lakini bomba lililopasuka ndani ya ukuta wa jengo la zamani, mahali pa kuingiza mkono mmoja tu, bado linamsubiri mtu. Kazi inayofanana kila siku ndiyo iliyo hatarini, na hiyo iko ofisini kama ilivyo kiwandani. Miaka hii ya karibuni ni wenzetu wa makaratasi na tafsiri wanaoanza kulala vibaya.

Nikigundua nimekosea, naweza kuhama?

Kutoka taaluma kwenda ufundi kwa kawaida ni rahisi, ingawa unaweza kurudi mwaka mmoja nyuma kwa sababu ya masaa ya karakana uliyoyakosa. Kutoka ufundi kwenda taaluma ni kugumu zaidi, kwa kuwa masomo uliyoyaacha yameendelea bila wewe. Dirisha la kuhama huwa ni wiki chache za mwanzo. Baada ya hapo unaomba huruma ya mtu.

Mimi nataka ufundi, baba hataki. Nifanyeje?

Usibishane naye sebuleni. Mpeleke karakana. Baba wengi hawapingi ufundi, wanaogopa mtoto wao atadharauliwa kama walivyodharauliwa wao, na hofu hiyo haitibiwi kwa hoja. Mwombe akusindikize kwa heshima, "Baba, naomba twende ukanisaidie kuuliza maswali," kisha muache aulize. Nimemwona mzee aliyeingia amekunja uso akiishia kushika randa na kumwonyesha mwalimu namna babu yake alivyokuwa akiinoa.

Na wewe mzazi ambaye mtoto anataka taaluma nawe unataka ufundi "apate kazi haraka", hayo hayo yanakuhusu. Kumbuka lile la Ufini.

Kesho ni siku ya mwisho ya fomu na bado sijaamua.

Basi leo jioni fanya mambo mawili. Mpigie mtu mmoja aliyemaliza kila mkondo, umuulize alivyotumia siku ya jana kuanzia asubuhi hadi usiku. Maoni yake hayahitajiki, siku yake inatosha. Kisha tafuta ni tarehe gani dirisha la kuhama linafungwa kwenye shule unayoiandika kama chaguo la kwanza. Iandike tarehe hiyo nyuma ya nakala ya fomu, pamoja na jina la mtu wa ofisi ya usajili atakayekupokea ukirudi.